Mwelekeo wa Nyuzi

Barua ina mistari mitatu tu.
Marjukka ameisoma kama asomavyo karatasi mpya,
akitafuta doa:
Kuanzia mosi Machi utahamia Madai ya Wateja, Oulu.
Cheo: Mtaalamu. Mshahara ni uleule.
Hongera.
Neno la mwisho limekaa peke yake
kama mgeni aliyekosea harusi.

Miaka kumi na saba katika maabara ya Rantakoski:
kidole gumba chake hutaja gramu themanini
kabla mizani haijatulia.
Zamu ya usiku, mashine namba tatu ikianza kukohoa,
wanamwita yeye kwanza, fundi baadaye.
Huko Oulu hakuna mashine.
Kuna zulia.

Reijo wa boila amefurahi kuliko yeye:
"Umepanda! Nani huziba masikio ofisini?"
Saija, akipuliza supu ya samaki kantini,
hasemi hongera.
"Uliza kiti hicho kilikaliwa na nani,
na aliyekikalia yuko wapi leo."

Akauliza.
Wa kwanza yuko Helsinki, anaongoza idara nzima.
Wa pili aliacha kazi mwezi wa nne
na sasa anafuga nyuki.
Kiti kimoja:
nusu ngazi, nusu shimo.

Kwa meneja akauliza mengine.
Nitawajibika kwa nani? Nikitaka kurudi je?
Na namba tatu mtaifanya nini?
Meneja akasema "fursa" mara tano
na "bajeti" mara moja,
ile moja akiitazama theluji dirishani.

Usiku, jikoni, anaiinua barua kwenye taa.
Kumbe anaijua.
Ni karatasi yao wenyewe, yale mawingu madogo ya nyuzi
aliyoyapitisha Oktoba kwa saini yake.
Basi anaifanyia alichofundishwa siku ya kwanza.
Anaichana kwa urefu: inatii,
imenyooka kama mshono wa fundi cherehani.
Anaichana kwa upana: inagoma, inapinda, inaota meno.

Wiki nzima alikuwa akiuliza, ni nzuri au mbaya?
Mchano haujui hilo.
Mchano husema tu
nyuzi zililala zikielekea wapi
zilipokuwa bado mbichi.

Na mimi, nilipokuwa mbichi?

Anakumbuka barua ya mchapaji wa Leipzig, mwaka wake wa pili kazini:
kurasa za kitabu cha watoto zilikuwa zinagandana.
Haikuwa kazi yake. Aliijibu hata hivyo,
kwa Kijerumani cha shuleni, kurasa tatu,
na shukrani zilizorudi akazibandika ukutani
mpaka gundi ikakauka, zikaanguka nyuma ya kabati.
Hakuwahi kuzitafuta.

Hilo si jibu. Ni mwelekeo tu.
Bado anautaka ufunguo wa maabara, kwa maandishi,
na mlango wa kurudi kabla mwaka haujaisha,
maana hongera haina tarehe wala muhuri.

Ijumaa anaomba ruhusa, anaendesha gari hadi Oulu
kukiona kiti.
Dirisha linatazama maegesho. Zulia ni la kijivu.
Kijana wa mapokezi amekwenda kutafuta kahawa.
Juu ya meza tupu simu inalia.
Inanyamaza. Inalia tena.

"Karatasi yenu inajikunja," inasema sauti, bila salamu.

"Pembeni au katikati?" anauliza Marjukka,
mkono tayari unapapasa kalamu,
na ile barua, vipande vinne mfukoni mwa koti,
bado haijatiwa saini.