Leo Imegoma

Oulu, Januari, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Bi Tyyne anabonyeza: feni yazunguka,
kioo giza tupu.
Jana iliwaka. Juzi ilikataa mara tatu,
ya nne ikakubali
kama mtoto aliyebembelezwa anywe uji.

Nimechomoa rami, nimezisugua meno kwa raba ya penseli,
nimebadilisha pawa, waya, kibetri cha saa.
Mbele yangu inawaka;
nikivaa viatu niondoke, inazimika.

“Marehemu Eino alikuwa akiipiga teke,” anasema.
“Si kwa nguvu. Hapa.”

Nainama na tochi.
Kapasita moja imevimba utosi,
husubiri chumba kipate joto ndipo ifanye kazi.

Napasha moto chuma cha kulehemu.
Bi Tyyne anauliza, kwa sauti ndogo,
kama ikishapona
ataruhusiwa kuipiga teke bado.