Bei ya Herufi

Ukuta ule wa Mwanjelwa, wa duka la saruji,
mimi ndiye niliyeuandika.
TANDERA: MLIMA SI KITU.
Herufi kumi na nane, nyekundu, kivuli cheusi,
na lori dogo likipanda wingu kama mbuzi.
Walinilipa papo hapo. Nikaezeka jiko.

Mwezi wa pili, ukungu haujanyanyuka Uyole,
Subilaga akaja na Tandera yake
ikivutwa kwa kamba nyuma ya trekta,
viazi vya Isyonje vimenasa kwenye bampa.
Hakunisalimu.
"Herufi moja shilingi ngapi?"
"Mia tano."

Akakaa juu ya kopo la rangi, akafungua daftari la mauzo.
Nyuma ya madeni ya magunia alikuwa ameandika habari nzima:
tarehe, mteremko, pedali iliyozama kama mguu kwenye tope,
gema alilolichagua ili asiligonge basi la shule,
Lusajo utingo wake, mguu chini ya bodi,
barua kwa wakala, muhuri wa IMEPOKELEWA, mara tatu.

Nikahesabu. Ilizidi laki mbili.
Akachukua kalamu yangu ya kupimia.
Akaanza na "tafadhali."
"Herufi tisa hizi. Nilishawapa mara tatu bure."
Akafuta "ndugu meneja."
Akafuta "nililia njia nzima," akacheka kidogo,
akafuta na Lusajo, kisha akakaa kimya muda mrefu
mpaka chai yangu ikapoa.

Yakabaki haya:
BREKI ZILIGOMA MLIMA NYOKA.
BARUA TATU. KIMYA.
Thelathini na saba. Nukta nikampa bure.

Rangi ilikuwa ileile, robo kopo iliyobaki ukutani,
na kivuli kilekile;
mkono wangu hauna mwandiko wa pili.
Tukaliegesha kiwanjani kwa shangazi yake,
uso kwa uso na mlango wa kioo wa wakala.

Wiki ya kwanza, wapita njia walisoma na kwenda zao.
Ya pili, akaja Sanga kutoka Makete, amebeba mbao:
"Zangu ziligoma Igawilo. Niandikie fupi."
Kisha Nzunda. Kisha mjane wa Mbalizi
aliyelipa kwa debe la maharage.
Magari kumi na moja yakajipanga kando ya uzio,
yameandikwa ubavuni kama khanga,
na watoto wa shule wakajifunza kusoma hapo,
ZI-LI-GO-MA, kwa sauti, wakitoka darasani.
Mtu wa redio akaja na kinasa sauti, akawanasa hao watoto tu.
Ilitosha.

Kwanza wakala alisema madereva wa huku wanakanyaga ovyo.
Halafu akaja bwana wa kutoka Dar, sweta mpya, anatetemeka,
na makopo mawili ya rangi nyeupe.
"Fundi, kufuta ni kiasi gani?"
Nikamwambia kufuta ni bei moja na kuandika,
ila anayeagiza ni mwenye gari.
Akatazama ukuta wangu ng'ambo ya barabara.
"Na ule ni wako?"
"Ule ni wenu. Mimi niliuandika tu."
Nililisema hilo haraka mno. Usiku lilinirudia.

Machi ikaisha na lori la vipuri likafika.
Walibadilisha breki zote kumi na moja,
mafundi wamelala chali kwenye matope ya masika,
hawasemi na mtu.
Wenzake wakaja mmoja mmoja kufutiwa.

Subilaga alikuja wa mwisho, anaendesha mwenyewe,
barua ya majibu imekunjwa kwenye kipofu cha jua.
"Futa KIMYA," akasema. "Mengine yaache."
Nikafuta. "Tuweke nini hapo?"
Akahesabu kwa vidole, akaanza upya, akaacha.
"Pawe wazi. Nitakwambia siku Lusajo akikanyaga chini."

Akanipa elfu mbili na mia tano, ndaga fijo,
akashika njia ya Isyonje kwa gia ndogo.

Ule ukuta bado upo. Mvua imekula SI.
Hakuna aliyeniagiza kuirudishia.