Kuezua

Ijumaa, jua halijashika bado mawe ya Igogo,
fundi Masalu alipanda na mtaimbo mfupi,
akakaa kitako juu ya kofia ya nyumba
kama mtu aliyempanda punda wa mwenzake,
akauliza, "Nani aliezeka hapa?"
Baba.
"Alikuwa fundi?"
Alikuwa karani wa mizani, kiwanda cha pamba.
"Ndiyo maana," akasema. "Misumari imepangwa
kama tarakimu kwenye daftari."

Bati la kwanza lilitoka likilia.
La pili halikulia, lilimeguka tu,
likamwachia fundi ukingo mkononi na wekundu vidoleni.
Kila moja lilishuka na viraka vyake:
kipande cha debe la mafuta, mpira wa baiskeli,
lami iliyokandamizwa kwa dole gumba
na dole lenyewe bado limo, mistari yake yote.
Hilo nililiweka kando. Sikumwambia mtu.

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe, anahesabu.
"Thelathini na tisa," alisema. "Yalikuwa arobaini."
La arobaini Bwire aliazima afunike choo
mwaka ule ziwa lilipopanda hadi barabarani.
Bwire alishakufa, choo kilishajaa,
deni bado linatembea.

Saa sita fundi akaniita nipande.
Akagusa kenchi kwa ncha ya penseli; penseli ikazama.
Mchwa walikuwa wamekula mbao, wakaacha rangi.
"Hii," akasema, "haibebi hata kongoti mwenye njaa."
Pesa ya mbao hatukuwa nayo. Nikampigia Kabula, Geita.
Akasema ngoja mwisho wa mwezi. Ilikuwa tarehe tisa.
Akanyamaza, nikasikia mtoto wake akikohoa,
kisha akasema ngoja kesho.

Usiku huo chumba cha Mama kilikuwa wazi juu.
Kwa jirani alikataa, sebuleni alikataa.
Akalala kitandani kwake, khanga kichwani,
upepo wa ziwa ukileta harufu ya dagaa
na nyota zimeinama juu ya kabati lake.
"Umefunga mlango?" akauliza.
Nikaamka, nikaufunga. Komeo pia.

Nikakaa macho, nikihesabu maneno badala ya bati.
Anika, anua: wanawake wa dagaa wanajua.
Tega, tegua. Kunja, kunjua.
Ezeka, ezua.
Jinsi lugha inavyoiachia kila kazi mlango wa nyuma,
herufi moja, mbili, na mkono unarudi ulikotoka.
Nikafika kwenye zika, nikaacha.

Jumatano bati jipya likakamilika juu.
Rangi yake dukani wanaiita damu ya mzee.
Mama alitaka nyeupe, kama lile la mwanzo;
nyeupe ilikuwa imekwisha.
Kongoti wa machinjioni akaja kutua,
akateleza, akajikusanya,
akaondoka na heshima iliyobaki.
Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Mvua ilikuja usiku wa Jumapili, kutoka upande wa Ukerewe,
nzito, bila hodi.
Nilisikia miguu yake gizani.
Sufuria kubwa, kona ya dirisha.
Bakuli, miguuni pa kitanda.
Beseni, ukumbini, pale sakafu ilipolika.
Hakuwasha taa. Hakugonga kitu.
Sikumzuia.

Asubuhi vyote vilikuwa vikavu.
Aliviinua kimoja kimoja, akachungulia ndani,
akaviosha hata hivyo,
akaniambia, na ilikuwa lawama:
"Sasa maji ya kufulia nayatoa wapi?"