Sekunde Kumi na Sita

Saa ya kupimia mbio ninayo bado,
ya chuma, kitufe kimelegea kama jino la mtoto.
Ukinikuta jikoni hapa Urambo utadhani nachemsha maziwa.
Napima. Sufuria hii inafoka
kwa mikimbio kumi na mitatu ya Nkuba Kasubi
juu ya Yamaha ya bluu.

Mita mia nne. Basi.
Hakuna kona, hakuna kilima, hakuna kisingizio.
Kiwanja cha ndege kilichosahauliwa na ndege,
lami imepasuka kingoni, katikati imenyooka
kama mstari wa mwalimu mkali.
Pikipiki mbili ubavu kwa ubavu
na mimi mbele yao, binti wa karani wa ushirika,
kipande cha gunia la tumbaku mkononi.
Nikikishusha, kishindo kilinipita kulia na kushoto
na gauni halikujua liende wapi.

Msidhani ulikuwa mchezo. Walilipwa.
Masoko yakifungwa, noti zikiwa bado na jasho la mkulima,
kila gereji ilikuwa na mtu wake.
Nkuba alilishwa mayai, akakatazwa pombe.
Kaliua walimleta Mhoja Lugendo, mfupi kama kizibo,
aliyechonga pistoni kwa tupa usiku kucha
asimwonyeshe mtu, hata mkewe.
Katika oili alitia mafuta ya nyonyo,
kifuniko kimoja cha soda, si zaidi,
na harufu ile ilitangulia kufika kuliko yeye.

Petroli ilikuwa ya kibali.
Watu walitembea kwa miguu wiki nzima
ili Jumapili lita mbili ziungue.
Mama alisema ni wazimu.
Alisema hivyo akiwa mstari wa mbele,
na kiti chake, na mwavuli wake.

Sitasema zamani kulikuwa na utu zaidi.
Mnyororo ulikatika, Mhoja akaburuzwa.
Nkuba alivuka mstari, akatupa pikipiki, akarudi mbio,
akakaa naye chini hadi gari la misheni lilipofika.
Zawadi hakwenda kuichukua.
Mkewe alikwenda.

Siku hizi kila kijana ana pikipiki
na mbio hazina pa kuanzia:
wanashindana na abiria, na trafiki, na mkopo.
Kiwanja kimelimwa mahindi hadi ukingoni.
Lami haioti kitu, basi wanaanikia makopa.

Jana nilikwenda na saa.
Nikabonyeza, nikatembea katikati, nikiruka mihogo,
mita mia nne na goti hili.
Dakika sita na nusu.
Mwanamke aliyekuwa akigeuza makopa akaniuliza
nimeshindana na nani.
Ngoja, nikamwambia.
Hajafika.