Pazia la Majani

Kioo alikikata Tenywa, fundi madirisha wa Walukuba,
akakiunga kwa gundi iliyonuka siki siku tatu.
"Dirisha la pande nne," akacheka,
"sasa linatazama wapi?"
Futi nne kwa moja na nusu. Nililipa kidogo kidogo.

Furu niliwatoa kinamasi cha Kirinya,
chini ya mafunjo, kwa chandarua kilichozeeka:
wafupi kuliko kidole changu cha shahada,
madume watatu, majike saba.
Mtoto wa jirani akachungulia ndoo, akasema
hao hata ukiwakaanga wote
hawajazi kijiko.

Wiki ya kwanza ilikuwa mchanga mtupu na vita.
Dume mmoja, mdomo wa buluu,
doa jekundu kwenye ncha ya pezi,
alijitwalia maji yote, kona hadi kona,
akawasukuma wenzake juu, karibu na bomba la hewa,
wakabaki wamepauka,
mapezi yamechanika kama risiti iliyofuliwa mfukoni.
Fahali wawili, wanasema, hawakai zizi moja.
Nikashika ndoo niwarudishe matopeni.

Mkono ukasita. Nilimkumbuka mama.
Chumba kimoja, nyumba za kiwanda cha nguo,
watoto sita, baba wa zamu ya usiku,
na shangazi Kagoya aliyeacha ndoa
akaja na godoro lake kichwani.
Tuligombana kwa sababu ya macho tu:
umeniangalia,
wewe ndiye umeniangalia.
Mama hakuhubiri. Aliazima nyundo,
akatundika shuka hapa, gunia pale,
kitenge kilichochujuka kati ya kitanda na kitanda.
Chumba hakikuongezeka hata inchi moja.
Lakini usiku ule nilikuwa na kwangu.

Waliosema habari ya fahali
hawakupanda kitu zizini.

Nikapanda. Yungiyungi changa kutoka mfereji,
majani yale ya sindano laini yanayoelea bila mizizi,
nyasi za chini nilizofunga kwa uzi kwenye mawe.
Kisiki kutoka Masese nilikichemsha mara nne
hadi kikaacha kutoa rangi ya chai.
Chungu cha Naigaga kilichopasuka
kikawa vibaraza vitatu.

Mdomo-buluu akafika kwenye kisiki, akageuka,
kama mtu aliyeitwa nyumbani.
Asiyemwona hana sababu ya kumfukuza.
Sisemi ni amani.
Bado wanakutana pembeni, wanatuniana mashavu,
kisha kila mmoja anarudi kwenye ua wake
usiozidi sahani.

Mwezi wa pili jike mmoja akavimba kidevu.
Nikitupa chakula anakuja, anakitazama,
anarudi nyuma ya majani, mdomo umefungwa.
Siku tisa. Siku kumi.
Nami nikasikia sauti ya zamani, midomo haifunguki:
"Mimi nimeshakula. Kuleni."
Tuliamini, Mungu atusamehe.
Sufuria lilikuwa moja, na tulijua kuhesabu.

Usiku wa kumi na moja umeme ukaenda.
Mji huu ndio unaouzaa, na ukienda
huku kwetu ndiko unakoanzia kwenda.
Bomba likanyamaza. Nikakaa na kikombe cha plastiki,
nachota, namimina kutoka juu, nachota,
ili maji yapate pumzi,
hadi wauza maziwa walipoanza kupiga kengele za baiskeli.

Asubuhi moja wakatoka:
vumbi lenye macho.
Nilipoinua mkono kufuta kioo
kivuli kikawaangukia,
na wote wakakimbilia ndani ya mdomo wa mama,
wa mwisho akisukumwa kama abiria.

Tenywa alikuja kuziba kona inayovuja.
Alikaa kwenye ndoo, bisibisi mkononi,
akasahau kazi.
"Wako wangapi humo?"
Hamsini na kitu, nikamwambia.
Hakuamini.
Yeye alikuwa ameona watatu.