Dawa ya Moto

Kochi la kwanza lilishuka bandarini Wete
limefungwa kamba za katani, mguu mmoja hauna.
Chini ya mto palikuwa na kibandiko:
sigara, na njiti ya kibiriti inayowaka.
Mie nikadhani wenyewe huko lilikotoka
wanakataza wageni kuvuta.

Siku moja nikakata kipande cha sponji,
nikakitia njiti. Kikalia, kikanuka, kikajizima.
Tangu hapo nikawa nafanya hivyo mbele ya kila mteja:
"Tazama, Bi Mkasi, hili hata kibatari kikiliangukia
haliungui." Akacheka. Akalipa nusu,
nusu akaiahidi msimu wa karafuu.

Vilivyobaki, vumbi la njano,
vitambaa vilivyonyonya jasho la watu nisiowajua,
mwanangu Shaame akivisukuma kwa toroli
hadi ukingoni mwa bwawa.
Mvua itachukua, tulisema.
Inapeleka wapi, hakuna aliyeuliza,
na bwawa lenyewe ndilo mwisho wa bonde.

Kisha akaja Nahya, binti wa Bi Chumu,
yule aliyekwenda kusomea kemia.
Aliingia majini hadi kifuani, kanga kajifunga kibwebwe,
akazamisha bomba, akalitoa limejaa tope
tabaka juu ya tabaka, kama mkate wa kusukuma.
Watoto wakamcheka: msomi mzima, anavua matope!

Miezi minne baadaye alirudi na karatasi.
Akaweka kidole chini kabisa: "Hapa pasafi."
Akakipandisha. "Hapa inaanza."
"Inaanza nini?"
"Dawa ya kuzuia moto. Haiozi.
Inang'ang'ania tope; kambare anakula tope,
na sie kambare tunamla kwa nazi."

Nikauliza, kama mtu asiyehusika,
hapo inapoanza ni lini.
"Yapata miaka kumi na tisa."
Hakunitazama. Mie nikatazama ukutani,
nikamwona fundi kijana anafungua kamba za katani.

Tuliambiwa dawa ya moto ni moto.
Hatukuambiwa dawa ikiukosa moto
huenda kulala wapi.
Bwawa lile halijaungua hata siku moja.
Mpunga wetu haujawahi kushika moto,
wala bata wa Mzee Hamad,
na wote sasa wamekingwa,
wamekingwa hadi kwenye maini.

Nahya anasema nisitupe tena.
Nichome? Moshi wake ni mbaya zaidi.
Nizike? Visima viko wapi, fundi?
Basi nifanye nini, mwanangu?
Akakunja karatasi yake mara nne
akaniambia bado wanalijadili.

Viroba kumi na saba vimo dukani.
Nimevishona midomo kwa uzi wa makochi,
nikavifunika shuka.
Mteja akija, hukaa juu yake,
husema, fundi, hapa ni laini.