Kiti cha Tisa

Walifika Alhamisi, ukungu umelala barabarani
kama ng'ombe asiyetaka kupisha gari.
Orodha ilisema wanane.
Nilitandika vitanda vinane, mablanketi mawili mawili,
nikawasha kuni za miwati, nikawaonya:
hapa Mufindi Juni haina adabu,
huingia bila hodi, ikalala nawe.

Watu wa mradi wa maji, kutoka Iringa mjini.
Mhandisi Kihwele, Twilumba wa hesabu,
na wengine niliowajua kwa vikombe:
huyu vijiko vinne, huyu kavu,
huyu huomba chai kisha akaiacha ipoe.

Mwezeshaji alibandika karatasi ukutani,
akaandika kwa wino mwekundu TUJITAFAKARI,
akapiga mstari chini yake, mara mbili.
Wakatafakari.
Kutoka jikoni nililisikia neno "changamoto"
likizunguka kama sahani ya moto,
kila mmoja akilipokea kwa ncha za vidole
na kumsogezea jirani.

Mimi ni mwenye nyumba tu. Namenya viazi.
Marehemu aliijenga kwa kiinua mgongo cha kiwanda cha chai,
akaishi ndani yake masika mawili.
Tangu hapo nimejifunza kimya cha mezani:
kuna kimya cha shibe, kuna kimya cha deni.
Hiki kilikuwa cha deni.

Usiku nikatoka kufunga banda la kuku.
Chini ya mkaratusi, gari lao; vioo vimeota mvuke.
Nikagonga. Dereva, amejikunja ndani ya koti la mvua.
"Sipo kwenye orodha, mama. Nimezoea."
Miaka kumi na mmoja, amezoea!
Nilimgombeza kwa Kihehe, lugha inayofaa kugombezea mtu unayemhurumia,
nikamwingiza ndani na tope lake.

Asubuhi niliongeza kiti.
Hakuna aliyeuliza. Miguu ya viti ilikwaruza sakafu, wakasogea.
Sanga akakaa, kofia magotini,
na mwezeshaji, kwa heshima tu, akamuuliza kama naye ana lolote.
Akautazama moto.

"Mimi nawarudisha nyumbani," alisema.
"Siku kile kisima kilipotoa maji ya chumvi,
mmoja wenu alilia kutoka Pawaga hadi Ipogolo.
Niliongeza sauti ya redio, asione aibu.
Ninyi mlikuwa nyuma, mmelala.
Au mlijifanya."

Viazi vyangu viliungua.
Nani angegeuka kushika mwiko?
Twilumba alisimama, akakaa, akasimama tena.
Kisha Kihwele, kwa sauti ya mtu anayeongea na viatu vyake:
"Kilikuwa changu, kile kisima."

Yaliyofuata siyajui. Mlango niliufunga mwenyewe;
mwenyeji hujua saa ya kuwa kiziwi.
Niliona tu kwamba mchana ule
vikombe vilirudi jikoni vitupu, vyote.

Jumapili waliondoka. Mhandisi alipanda mbele.
Penye kona ya mashamba ya chai honi ililia mara moja,
nami nilikuwa nimeshainua mkono.

Karatasi waliiacha ukutani.
Chini ya mistari ile miwili, hakuna kitu.
Nimeikata vipande, natandikia mayai.
Mablanketi nimeyahesabu: kumi na manane, hakuna lililopotea.
Moja linanuka dizeli.
Hilo sijalifua bado.